Ua mpana kaskazini, upenyo kusini: nyumba za jadi za China na mazingira yake

Mwambie mtu achore nyumba ya Kichina. Atachora nguzo nyekundu, paa la vigae lenye ncha zilizopinda kuelekea juu, na simba wawili wa mawe mlangoni. Hayo ni majumba ya wafalme na mahekalu. Watu wa kawaida hawakuishi humo, na kwa muda mrefu wasingeruhusiwa hata kama wangekuwa na fedha. Mwaka 1393 utawala wa Ming ulimkataza raia wa kawaida kujenga nyumba yenye upana unaozidi nafasi tatu za nguzo na kina kinachozidi boriti tano za paa. Rangi za mapambo zilikatazwa, na vile vishikizo vya mbao vinavyopandana juu ya nguzo kubeba paa navyo vilikatazwa. Ninazozizungumzia hapa ni nyumba zilizobaki baada ya makatazo hayo: za matofali ya kijivu, za udongo, za mbao tupu. Ndimo walimoishi karibu wote.

Nyumba hizi husifiwa kwamba zinapatana na mazingira. Sifa hiyo ni ya haki, ila imefunika mengi. Mazingira ya mjenzi si joto na baridi peke yake. Ni mti gani unaota karibu, udongo wa aina gani uko chini ya miguu, nani anakaa bonde la pili na ana silaha gani, baba mwenye nyumba anataka kulala wapi, na mkuu wa wilaya anaruhusu nini. Nyumba moja yaweza kuwa jibu zuri kwa upepo na jibu baya kabisa kwa tetemeko la ardhi.

Tuanze na hali ya hewa, maana ndiyo iliyo wazi zaidi. China ni nchi ambayo mwezi Januari 2023 mji wa Mohe, kaskazini kabisa, ulipima nyuzi 53 chini ya sifuri, na ambayo bonde la Turpan, magharibi, hupita nyuzi 45 za joto wakati wa kiangazi. Kati ya ncha hizo Wachina wenyewe wana mpaka wanaoutumia kugawa nchi yao: safu ya milima ya Qinling na mto Huai. Kaskazini mwa mpaka huo mvua ya mwaka haifiki milimita 800 na wastani wa joto la Januari uko chini ya sifuri. Watu hulima ngano na mtama. Kusini yake mvua ni nyingi, maji hayagandi kwa muda mrefu, na shamba ni la mpunga. Fundi wa kaskazini huwaza namna ya kulikamata jua na kuuzuia upepo. Fundi wa kusini huwaza namna ya kulizuia jua, kuupitisha upepo, na kuyaondoa maji haraka kabla mbao hazijaoza.

Pande hizo mbili zina urithi mmoja, nao ni fremu ya mbao. Nguzo na boriti ndizo zinazobeba paa. Ukuta haubebi kitu. Wachina wana msemo kwamba ukuta huanguka lakini nyumba haianguki, na kwenye matetemeko mengi ndivyo inavyokuwa. Kwa kuwa ukuta hauna mzigo, unaweza kuwa wa chochote: matofali Beijing, mbao Guizhou, fito za mianzi zilizokandikwa udongo Sichuan. Ujuzi mmoja wa useremala ukasafiri nchi nzima ukibadilishiwa ukuta njiani.

Hata fremu yenyewe ilibadilika. Kaskazini paa hutandikwa tabaka nene la udongo chini ya vigae ili joto lisitoroke. Paa hilo ni zito, hivyo nguzo ni chache, nene, na boriti zimepandishwa moja juu ya nyingine, kila ya juu fupi kuliko ya chini. Kusini vigae hulazwa moja kwa moja juu ya papi, bila udongo. Paa ni jepesi, kwa hiyo seremala anatumia nguzo nyingi nyembamba zinazopanda hadi juu, akizitoboa na kuzishona kwa mbao za kukingama. Miti myembamba inatosha, na ni nafuu. Sehemu ambako mbao zilikuwa zimekwisha, tutaona, watu waliiacha kabisa fremu.

Kitu kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi jua lilivyopanga nyumba ni ua wa ndani. Wahan, ambao ndio wengi nchini, wamejenga kuzunguka ua kwa maelfu ya miaka. Lakini ukitoka kaskazini kwenda kusini ua huo unapungua, unapungua, mpaka unakuwa tundu.

Beijing iko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Sisi tunaoishi karibu na ikweta, ambako jua la adhuhuri huwa karibu utosini mwaka mzima, lazima tutulie kidogo kuielewa hali hiyo. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, jua la Beijing liko kusini, nyuzi 27 hivi tu juu ya upeo wa macho. Mwezi Juni linapanda hadi nyuzi 73. Kwa hiyo nyumba kuu ya boma la Beijing, liitwalo siheyuan, huwekwa upande wa kaskazini wa ua ikitazama kusini. Wakati wa baridi miale huingia kwa mlalo ikafika ndani kabisa ya chumba. Wakati wa joto mchirizi wa paa, uliotokeza mbele, hulikata jua hilohilo lisiingie. Ukuta wa nyuma hauna madirisha, au una kidirisha kidogo cha juu, kwa sababu nyuma ndiko unakotoka upepo wa Siberia na Mongolia. Ua wenyewe sharti uwe mpana na majengo yawe mafupi, la sivyo jengo la upande wa kusini litatupa kivuli chake usoni pa nyumba kuu miezi yote ya baridi.

Na mji ulipangwa kuwezesha hilo. Kublai Khan, mtawala wa Kimongolia, alipoanza kujenga mji wake mkuu mahali hapo mwaka 1267, vichochoro vyake vingi, vinavyoitwa hutong, vilinyooshwa mashariki hadi magharibi, ili nyumba zilizo katikati ziweze kutazama kusini. Vilivyosalia leo bado vinafuata mstari huo.

Sasa nani alilala wapi? Wazee walichukua nyumba ya kaskazini, yenye jua. Wana na wake zao walipewa mabanda ya mashariki na magharibi, yanayopata jua nusu ya siku. Watumishi na wageni walikaa jengo la kusini, ambalo mgongo wake uko barabarani na uso wake unatazama kaskazini: chumba cha baridi na giza mwaka mzima. Utaratibu wa heshima katika ukoo ulioshika mafundisho ya mwanafalsafa Konfusio ulifuata hatua kwa hatua utaratibu wa joto. Huwa nasoma maelezo yanayotenganisha "utamaduni" na "hali ya hewa" katika nyumba hizi, na sioni pa kukatia. Babu alipewa heshima kwa kupewa jua.

Lango la siheyuan haliko katikati bali pembe ya kusini-mashariki, na ukishaingia unakutana na ukuta mfupi wa kukinga, yingbi, unaokulazimu kugeuka. Watakuambia ni kwa sababu pepo wabaya huenda kwa mstari ulionyooka. Yawezekana. Lakini ukuta huo pia humzuia mpita njia asione mnachokula, na lango la pembeni halipigwi uso kwa uso na upepo wa kaskazini-magharibi. Kanuni za fengshui, elimu ya jadi ya kuchagua mahali na mwelekeo wa nyumba, zimejaa mambo ya namna hii: mlima mgongoni, maji mbele, mlango kusini. Nyingi zina maana kwa yeyote anayeishi kwenye baridi, na nyingine ni imani tupu. Fundi wa zamani alizipokea zote kwa mkupuo mmoja na hakulipwa kuzichambua.

Ukivuka Beijing kuelekea kaskazini-mashariki, ua unakuwa mpana zaidi na kitanda kinakuwa jambo la uhai. Kang ni jukwaa la matofali ambalo moshi wa jiko hupita ndani yake kabla ya kutoka nje. Chakula kikishapikwa, moto uleule unalaza familia nzima. Katika nyumba za Wamanchu kang huzunguka kuta tatu za chumba. Bomba la moshi husimama ardhini mbali kidogo na nyumba, ili cheche zisiliwashe paa la nyasi. Karatasi za madirisha hubandikwa upande wa nje wa fito, si ndani, kwa sababu theluji ikikaa kwenye fito kisha ikayeyuka kwa joto la chumba, karatasi hulowa na kuchanika.

Magharibi ya Beijing, Shanxi na Shaanxi, ua hubanwa ubavuni ukawa mrefu na mwembamba. Hapo kuna jua kali la alasiri, dhoruba za vumbi, na matajiri. Wafanyabiashara na mabenki wa Shanxi, kama ukoo wa Qiao ambao jumba lao linatembelewa hadi leo, walijizungushia kuta ndefu zisizo na dirisha nje. Katika Shaanxi utaona mabanda yenye paa la mteremko mmoja tu, kama nyumba iliyokatwa katikati: ukuta mrefu upande wa nje, paa likiinamia uani. Wenyeji wenyewe hulitania jambo hilo katika orodha yao ya vituko vya mkoa, kwamba kwao nyumba hujengwa nusu. Mbao zinazohitajika ni fupi, na kila tone la mvua chache huangukia ndani ya kaya.

Kisha vuka mto Yangtze uingie milima ya Huizhou, kusini mwa mkoa wa Anhui. Vijiji vya Xidi na Hongcun viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Hapa ua si ua tena. Ni upenyo wa mstatili kwenye paa, tianjing, wakati mwingine mwembamba kiasi kwamba ukisimama chini unaona kipande cha anga tu. Nyumba ina ghorofa mbili au tatu, ukuta mweupe mrefu nje, na karibu hakuna madirisha.

Sababu ziko nyingi na zinashikana. Kiangazi ni cha joto zito lenye unyevu, na jua liko juu. Ua mpana ungekuwa tanuri. Upenyo mwembamba huliruhusu jua kwa muda mfupi tu, hewa moto hupanda na kutokea humo, na hewa ya chini, iliyopozwa na sakafu ya mawe, huvutwa kutoka vyumbani na vichochoroni. Mapaa yote manne huinamia ndani, mvua ikashuka kwenye karo la mawe lililo chini ya upenyo na kupita kwenye mtaro uliofunikwa. Maji huhesabiwa kuwa mali. Kuyaacha yamwagikie nje ni kumwaga mali. Pia huwekwa mitungi ya maji chini ya upenyo kwa ajili ya moto, maana ndani ni mbao tupu zilizochongwa.

Lakini hali ya hewa haielezi kwa nini hakuna madirisha. Hilo linaelezwa na biashara. Huizhou ni milima, ardhi ya kulima ni haba, na wavulana walitumwa mbali kufanya biashara ya chumvi, chai na mbao. Kuna msemo wa huko unaosema kwamba aliyezaliwa Huizhou hakutenda mema katika maisha yake ya kabla, ndiyo maana akifika miaka 13 au 14 hutupwa nje. Waliofanikiwa walirudisha fedha wakajenga, kisha wakaondoka tena. Nyumbani wakabaki wake, wazee, watoto na sanduku la fedha, nyuma ya ukuta usio na tundu. Zile kuta za ngazi zinazopanda kupita paa, zinazopigwa picha sana na kufananishwa na vichwa vya farasi, ni kinga ya moto: nyumba zimebanana, na moto wa jirani ukigonga ukuta wa matofali hauruki. Ni nyumba nzuri mno kutazama, ingawa mimi naamini kuishi humo kama bibi harusi wa miaka 17, mume yuko mbali katika mji wa Yangzhou, kulikuwa jambo lingine.

Hongcun ina nyongeza yake. Kijiji kizima kilichimbiwa mifereji midogo inayoleta maji ya mlimani mbele ya kila mlango, ikapita kwenye bwawa la nusu mwezi katikati na kuishia ziwani upande wa kusini. Wanakijiji wanaona umbo la ng'ombe: mifereji ni utumbo, bwawa ni tumbo. Kwa kufua, kumwagilia, kuzima moto na kupoza hewa ya vichochoro, mfereji mmoja unatosha.

Udongo unaobeba kila kitu

Sasa turudi kaskazini, mahali mbao zilipokwisha.

Uwanda wa juu wa katikati ya Mto Njano una ukubwa wa kilomita za mraba 640,000 hivi, zaidi kidogo ya Kenya nzima. Umefunikwa na vumbi lililopeperushwa kutoka majangwa ya kaskazini-magharibi kwa zaidi ya miaka milioni mbili. Unene wake mara nyingi ni kati ya mita 50 na 200. Udongo huu wa njano una tabia ya ajabu: ni laini kuchimbwa kwa jembe, lakini ukiukata wima unasimama wima, miaka na miaka, mradi usilowe. Mvua ni chache. Misitu ilikwisha kitambo. Mtu maskini mwenye jembe na ndugu watatu angeweza kujipatia nyumba bila kununua mti zaidi ya ule wa mlango na dirisha.

Nyumba hizo ni yaodong. Chumba kimoja ni tao lenye upana wa mita tatu au nne, kikienda ndani mita saba, nane au zaidi, na juu yake wanaacha udongo wa mita tatu au zaidi. Tao ndilo umbo ambalo udongo unaweza kujibeba nalo, kwa kuwa uzito wote unasukumwa ubavuni na hakuna mahali panapovutwa. Upande wa mbele, unaotazama kusini, hujazwa kwa fito za mbao zilizobandikwa karatasi, na juu ya mlango dirisha hufika hadi kileleni mwa tao ili jua la baridi liingie mbali. Udongo mnene unachelewa kupata joto na unachelewa kupoa. Nje majira yanapinduka kutoka baridi ya kugandisha hadi jua kali, ndani tofauti ni ndogo. Kang iko karibu na dirisha au nyuma karibu na jiko, na moshi wake hutokea juu ya kilima, kiasi kwamba mpita njia huona moshi ukichomoza shambani.

Palipo na ukingo, walichimba ukingoni. Pasipo na ukingo, kama tambarare ya Sanmenxia mkoani Henan, walichimba ukingo wao wenyewe: shimo la mraba lenye kina cha mita sita au saba, kisha mapango kwenye kuta zake nne. Hupatikana ua uliozama, siheyuan ya chini ya ardhi, wazee wakiwa bado upande unaopata jua. Njia ya mteremko hushuka kutoka juu. Ukuta mfupi wa matofali huzunguka mdomo wa shimo ili mvua isiingie na mtoto asidondoke. Sakafuni mwa ua huchimbwa shimo la kupokea maji ya mvua, na mara nyingi hupandwa mti, ambao kilele chake ndicho alama pekee inayoonekana kwa mbali. Wenyeji husema: unaona miti huoni kijiji, unasikia sauti huoni mtu. Juu ya vyumba walianika nafaka.

Watu walioishi kwenye yaodong mwanzoni mwa karne hii walikadiriwa kuwa kati ya milioni 30 na 40. Mao Zedong na viongozi wenzake waliendesha vita wakiwa kwenye mapango ya Yan'an kuanzia 1937 hadi 1947, jambo lililoyapa mapango hayo heshima ambayo umaskini wake usingeyapa.

Waandishi wengi huishia hapo, wakisifu nyumba isiyohitaji mkaa mwingi wala kiyoyozi. Sifa hiyo ina deni. Tarehe 23 Januari 1556 ardhi ilitetemeka Shaanxi, na kumbukumbu za wakati huo zinataja waliokufa 830,000 hivi, idadi kubwa kuliko ya tetemeko jingine lolote linalojulikana. Wengi walikuwa wamelala mapangoni. Tarehe 16 Desemba 1920 tetemeko la Haiyuan lilirudia somo hilo: vilima vya udongo viliporomoka vikafunika vijiji vizima, na waliokufa walizidi 200,000. Fremu ya mbao ingetikisika ikaachilia ukuta wake. Pango halina cha kuachilia. Zaidi ya hapo, sehemu ya nyuma ya chumba ina giza na hewa nzito, na katika majira ya joto kuta hutoa unyevu. Watu hawakuchagua yaodong kwa kuwa ni bora kuliko nyumba ya mbao. Walichagua bora ya vilivyokuwepo.

Juu ya miguu

Kusini-magharibi mambo yamepinduka: mbao tele, ardhi tambarare hakuna, maji kila mahali. Kujenga juu ya miguu ni jambo la kale sana huko kusini. Huko Hemudu, mkoani Zhejiang, ulipochimbwa mwaka 1973, wanaakiolojia walikuta nguzo na mbao zilizounganishwa kwa ulimi na tundu, za miaka 7,000 hivi iliyopita, kwenye ardhi ya kinamasi.

Wamiao, Watujia na Wadong wa Guizhou, Hunan na Guangxi wanajenga mlimani. Nyuma ya nyumba hukaa juu ya mwamba, mbele husimama kwa nguzo zilizokatwa kila moja kwa kimo chake. Faida ya kwanza hutajwa mara chache: ardhi iliyo sawa haiguswi. Iliyo sawa ni ya mpunga. Binadamu hujibanza kwenye mteremko ambao hakuna mmea angeutaka. Chini hukaa nguruwe na kuni, katikati watu, juu darini nafaka, na moshi wa jiko ukipanda hukausha mahindi na kufukuza wadudu. Seremala wa Kidong hana ramani ya karatasi. Ana ufito wa mwanzi ambao vipimo vyote vya nyumba vimechorwa juu yake, na nyumba inasimama bila msumari. Adui wa vijiji hivi ni moto. Ukishika nyumba moja, mtaa mzima uko hatarini.

Kusini zaidi, Xishuangbanna mkoani Yunnan, Wadai wanaishi kwenye joto la kitropiki. Nyumba zao za mianzi na mbao ziko juu ya ardhi, paa ni la mteremko mkali linaloshuka chini sana, kuta ni nyepesi zenye nafasi za kupitisha hewa. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezewa kwa nini.

Hofu kama mchoraji ramani

Milima ya kusini-magharibi mwa Fujian haina baridi ya kutisha wala ukosefu wa mbao. Bado ndiko kulikojengwa kuta nene mno, za tulou, majengo kama ngome yanayokaliwa na ukoo mzima. UNESCO iliorodhesha majengo 46 mwaka 2008. Ni ya mviringo au mraba, ghorofa tatu hadi tano, na makubwa kabisa yaliweza kuchukua watu 800. Yuchang Lou inasemekana ni ya mwaka 1308. Nguzo zake za ndani zimeinama huku na huku, na bado zimesimama. Chengqi Lou, katika wilaya ya Yongding, ya mwaka 1709, ina duara nne, moja ndani ya nyingine, na ukumbi wa mababu katikati.

Ukuta ni udongo wa kushindilia. Mafundi hufunga visanduku vya mbao visivyo na chini, humwaga udongo uliochanganywa na mchanga na chokaa, wakashindilia kwa michi tabaka baada ya tabaka, wakilaza vipande vya mianzi katikati vifanye kazi ambayo leo hufanywa na nondo. Sehemu muhimu huongezewa uji wa mchele wa kunata na sukari guru ili zishikane. Chini unene waweza kuzidi mita moja na nusu, juu unapungua. Msingi ni wa mawe ya mtoni, uliopandishwa kupita kiwango cha mafuriko. Fujian ina mvua nyingi na tufani, na udongo ukilowa umekwisha, kwa hiyo paa limetokeza mbele mno, kubwa kuliko uzuri unavyodai. Ondoa mchirizi huo na ukuta wa miaka 300 hautamaliza miaka michache.

Kwa nini yote hayo? Wahakka, jamii iliyojenga nyingi za ngome hizi, walikuwa wahamiaji walioingia kwenye mabonde yenye wenyewe. Kulikuwa na majambazi, na kulikuwa na ugomvi wa koo kwa koo juu ya ardhi na maji. Ndiyo maana ghorofa za chini hazina madirisha ya nje, lango kwa kawaida ni moja kuu, mbao zake zimevikwa chuma, na juu yake kuna tangi la kumwaga maji iwapo adui atauwasha moto. Kisima kiko ndani, ghala liko ndani. Kila familia humiliki kipande cha wima, jiko chini, nafaka juu yake, vitanda juu kabisa, na katika duara hakuna chumba cha pembeni kilicho bora wala kibaya. Linganisha na Beijing, ambako kila chumba kina cheo. Hapa ndugu waliohitajiana ukutani usiku hawakuweza kupangana kwa jua.

Fedha nazo zilisema neno. Yongding ililima tumbaku na kufua visu vya kuikatia. Zhencheng Lou, iliyokamilika karibu na 1912, ilitokana na biashara ya visu hivyo. Na Kaiping, mkoani Guangdong, waliofanya kazi Marekani, Kanada na Australia walituma fedha nyumbani, zikajengwa ngome ndefu za saruji zenye nguzo za Kirumi na kuba za Kiislamu, kujikinga na majambazi na mafuriko. Zimebaki zaidi ya 1,800. Ujenzi wa wana wa ughaibuni una mtindo wake popote duniani.

Nyingine nazigusa tu. Turpan hupata mvua ya milimita 16 hivi kwa mwaka, kwa hiyo paa la Wauyghur ni udongo tambarare, vyumba vimezama nusu ardhini, na kivuli hutoka kwenye mizabibu. Tibet ina paa tambarare na kuta nene za mawe kwa sababu hiyo ya ukame, pamoja na baridi. Wamongolia walitengeneza hema la manyoya yaliyofinywa, la duara ili upepo wa nyika usipate pa kushika. Na Xunpu, karibu na bandari ya kale ya Quanzhou, kuta zimevikwa magamba makubwa ya chaza yanayostahimili chumvi ya bahari. Wenyeji wana simulizi kwamba magamba hayo yalirudi na majahazi yakiwa farumi, kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, hata pwani ya Afrika.

Miaka ya 1950 serikali iliufuata mpaka ule wa Qinling na Huai kuamua ni miji ipi ipewe joto la mabomba majira ya baridi. Kaskazini ilipata, kusini haikupata, na hali hiyo kwa sehemu kubwa imedumu. Tangu hapo nyumba ya saruji yenye umbo moja imeenea pande zote mbili, ikitegemea bomba upande mmoja na umeme upande wa pili. Beijing imepoteza vichochoro vingi. Mashimo mengi ya Henan yamefukiwa yawe mashamba. Vijana wa tulou wamehamia mijini, na siwalaumu: choo kiko nje ya jengo, ukuta wa chumba ni wa mbao, na kila mtu husikia kila kitu.

Kuna waliojaribu njia ya kati. Katika kijiji cha Zaoyuan, Yan'an, wasanifu kutoka chuo kikuu kimoja cha Xi'an walianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kujenga yaodong mpya pamoja na wanakijiji. Zinasimama zenyewe, hazikuchimbwa kilimani. Tao limebaki, na udongo juu ya paa umebaki. Lakini zina ghorofa mbili, upande wa kusini una kibaraza cha kioo cha kukusanyia jua, na zimewekewa njia za kufikisha hewa safi hadi nyuma ya chumba.